Goti la mama linatulia, kisha linarudi: kosa liko wapi?

Mwana_Pongwe
Wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Mama ana miaka 61, anapika wali na maharage ya nazi kwa biashara. Goti la kulia linamsumbua mwaka wa 3 sasa. Linauma mbele na upande wa ndani, hasa akishuka ngazi au akiinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Asubuhi linakaza kama dakika 10, akitembea linalegea. Halina joto, ila jioni linajaa kidogo. Eksirei ilionyesha limesagika kiasi. Amechomwa sindano ya goti mara 2, nafuu ikadumu kama miezi 2 kila mara. Anameza diklofenaki ya mg 50 asubuhi na jioni. Akipumzika wiki linatulia, akirudi jikoni siku 2 tu kilio ni kile kile. Ana presha, anatumia losartani na dawa ya kukojoa. Jirani anasema maji ya goti yamekauka, ale bamia. Kwa nini linarudi?

FizioPwani
Pole kwa mama. Kukaza chini ya nusu saa, kuuma likitumika na kutulia likipumzishwa, hizo ni dalili za goti lililosagika kweli. Ila neno hilo linatisha watu bure, wanaona kama breki iliyokwisha. Gegedu lenyewe, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, halina mishipa ya fahamu. Kinachouma ni mfupa ulio chini yake, utando wa kiungo ukivimba, na nyama za kuzunguka goti. Ndiyo maana mwingine eksirei yake ni mbaya na anatembea vizuri tu.

Linarudi kwa sababu ya paja. Msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaolipunguzia goti kishindo cha kila hatua. Goti likijaa, msuli huo haukazi tena kwa nguvu yake yote. Mama akipumzika wiki nzima, unazidi kunywea. Maumivu yanaondoka, naye anarudi kwenye kazi ile ile na paja dhaifu kuliko alivyoliacha. Mwambie akae miguu imenyooka, akaze mapaja yote mawili, nawe ubonyeze nyama iliyo juu kidogo ya goti, upande wa ndani. Huenda ukaukuta wa kulia ni tepetepe.

Anzeni hivi. Kiti kigumu kiegemezwe ukutani, weka mto mpaka kimo kifike kama sm 50. Akunje mikono kifuani, ainuke, kisha akae huku akihesabu 1 hadi 3, asijibwage. Mara 8, apumzike dakika 2, arudie mpaka seti 3. Leo afanye, kesho aache. Akizimaliza bila taabu kwa wiki 2, toa mto. Siku za katikati alale chali, kanga iliyoviringishwa iwe chini ya goti, alikandamize goti chini kwa sekunde 5, mara 10. Msuli unahitaji wiki 8 hadi 12. Wengi huacha wiki ya 3 wakisema mazoezi hayasaidii, na inauma kuona hivyo.

Mwana_Pongwe
Ahsante sana. Likianza kuuma katikati ya zoezi aache?

FizioPwani
Mwulize maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10. Mpaka 4 aendelee. Yakizidi, ongeza mto, asiache kabisa. Kipimo chenyewe ni kesho yake: saa 24 zikipita na goti bado linauma kuliko kabla ya zoezi, au limejaa, punguza seti moja.

Na hiyo mbuzi ishughulikieni. Goti likikunjwa sana, pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja, na kuinuka kutoka chini vile ndiko kunakoligandamiza zaidi. Mbuzi na bakuli viwekwe juu ya tofali mpaka nyonga za mama ziwe juu kidogo ya magoti. Jiko nalo lipandishwe. Kila nusu saa asimame, atembee dakika 5. Kwenye ngazi, kupanda aanze na mguu mzima, kushuka aanze na ule unaouma. Akitumia fimbo, aishike mkono wa kushoto. Kama ana uzito wa ziada, kila kilo 1 anayopunguza inalitua goti mzigo wa karibu kilo 4 kwa hatua.

Mfamasia_K
Mimi nimeshtushwa na dawa. Losartani, dawa ya kukojoa na diklofenaki zikikutana zinaweza kuumiza figo, hasa mtu akiharisha au akiishiwa maji mwilini. Diklofenaki pia inapandisha presha na kuleta vidonda vya tumbo. Amwone daktari wiki hii, apimwe presha na kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo), na aulize kama jeli ya kupaka inamfaa, maana inaingia kidogo sana kwenye damu. Dawa za presha asiziache.

Sindano msizifanye mazoea. Utafiti uliotolewa 2017 ulifuata watu waliochomwa steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) gotini kila wiki 12 kwa miaka 2. Gegedu lao lilipungua zaidi kuliko la waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu hayakutofautiana.

Bamia ale kama mboga. Ute wake unaishia tumboni, haufiki gotini. Tena goti linalojaa jioni lina maji mengi kupita kawaida, halijakauka. Poda za magoti zisizo na lebo mziepuke. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu virutubisho vya viungo vilivyokutwa na deksamethasoni (nayo ni steroidi) na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye chupa.

Zamu_ya_Usiku
Niongeze tu: goti likiwa jekundu, la moto, na homa juu, ni hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu usaha ndani ya kiungo unakula gegedu kwa siku chache. Likikwama lisinyooke, apelekwe pia. Na ikitokea asubuhi anakaza zaidi ya saa nzima, vidole vya mikono yote miwili vikiwemo, mwambieni daktari achunguze baridi yabisi. Hiyo ina dawa zake, na haifai kucheleweshwa.