Mdogo wangu yuko ICU, mpira wa puani unatoa vitu vyeusi kama kahawa, naambiwa ni vidonda vya tumbo

Kaka Mkubwa Chamwino:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wenu maana hapa nilipo kichwa hakifanyi kazi. Mdogo wangu ana miaka 24, Jumamosi usiku alipata ajali ya boda barabara ya Ihumwa, wakampasua kichwa usiku uleule kutoa damu iliyovilia na tangu hapo yuko ICU kwenye mashine ya kupumulia, hajafumbua macho. Leo siku ya tano nimeingia kumwona saa kumi jioni, nikakuta ule mfuko unaoning'inia mwisho wa mpira wa puani una maji meusi yenye chengachenga, yaani mashapo ya kahawa kabisa. Nesi akaniambia tumbo linavuja damu, ni vidonda vya stress, wameshamwanzishia dawa ya mshipa na ndugu tujiandae kuchangia damu.

Hapo ndo nimechanganyikiwa. Dogo hajawahi kuumwa vidonda vya tumbo hata siku moja, pilipili anakula kama karanga. Halafu stress gani kwa mtu asiye na fahamu? Huku nje ndugu wameshagawanyika, mama mdogo anasema kuna mtu kamlisha kitu, mjomba anasema dawa za hospitali ndo zimemchoma, na shangazi katoka Mvumi na chupa ya juisi ya kabichi iliyochanganywa na shubiri anataka nesi amsukumie kwenye mpira. Mimi ndo mkubwa, wote wananiangalia mimi.

Nesi wa Zamu:
Pole sana kaka, pole kwa familia nzima. Nimefanya kazi ICU miaka sita na hilo swali la "stress gani" naulizwa karibu kila mwezi, jina lenyewe ndo linachanganya watu. Siyo mawazo. Ni mshtuko wa mwili. Mtu akiumia vibaya namna hiyo au akapata maambukizi makali, mwili unaipeleka damu kwenye ubongo na moyo kwanza, tumbo linabaki na damu kidogo. Sasa ukuta wa tumbo unajilinda kwa ute na ute kutengenezwa kunategemea damu hiyohiyo, ikipungua na ute unapungua, asidi inaanza kuchubua nyama. Michubuko inaweza kuanza ndani ya siku moja tu, mingi, midogomidogo ya juujuu, hasa sehemu ya juu ya tumbo, na mingine kwenye utumbo mwembamba pale unapoanzia. Kwa hiyo haihitaji awe aliumwa vidonda zamani. Vile tulivyozoea mtaani vingi vinatokana na bakteria wa H. pylori au kumeza sana dawa za maumivu, hivi ni vingine.

Na mdogo wako hatari alizikusanya. Mgonjwa aliyekaa kwenye mashine ya kupumulia zaidi ya saa 48 ni wa kuangaliwa kwa karibu, na aliyeumia kichwa naye hivyohivyo. Maumivu hawezi kuyasema, ndo maana tunaangalia rangi ya mfuko, choo kama ni cheusi kinachonata kama lami, presha, mapigo ya moyo na kipimo cha wingi wa damu. Wengi inakata kwa dawa na hali ya jumla ikitulia, isipokata ndo wanaingiza kamera kupitia mdomoni waone panapovuja.

Ila kaka kwenye hiyo juisi nakuomba kwa unyenyekevu MSIMPE. Hata kwa kujificha msimpe, na najua watu hujificha. Kwanza inaziba mpira, pili inaweza kurudi juu ikaingia kwenye mapafu, tatu sisi tunasoma rangi pale mfukoni, ukishaweka ya kijani nitajuaje kama damu imekata au bado?

Binti wa Mpwapwa:
Kaka nimesoma nikalia. Baba yetu aliungua na moto wa petroli sehemu kubwa ya mwili, siku ya nane akaanza kutoa choo cheusi ti. Daktari alitukalisha akatueleza kwamba watu walioungua wanapata vidonda kwenye utumbo mwembamba, na jambo hilo limejulikana tangu 1842, kuna daktari wa London anaitwa Curling aliliandika. Lakini baba mkubwa hakutaka kusikia, alishamnyooshea kidole shangazi yetu kuwa ndiye aliyempikia uji wa mwisho. Damu ilikata, baba akaja kufariki baadaye kwa maambukizi ya vile vidonda vya moto, na hadi leo hao wawili hawasalimiani, msibani mmoja akikaa upande huu mwingine anahamia ule. Ongea na mama mdogo leo, usisubiri kesho.

Mwanafunzi wa Tiba:
Naongezea kidogo. Vya kuumia kichwa navyo vina jina lake, vinaitwa vya Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo wa Marekani aliyeviandika 1932. Ubongo ukibanwa, mishipa ya fahamu inayokwenda tumboni inalichochea limwage asidi zaidi ya kawaida.

Kuhusu dawa, 2024 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa 4,821 waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliopewa pantoprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, waliotoka damu kwa kiwango cha kutisha walikuwa asilimia 1.0, wasiopewa asilimia 3.5. Vifo havikutofautiana. Maana yake dawa inazuia damu kweli, ila vita yenyewe iko kwenye kichwa, hapo ndo muulize madaktari kila siku.

Kaka Mkubwa Chamwino:
Mungu awabariki. Narudi baada ya siku tatu. Mama mdogo nilimkalisha nje kwenye benchi nikamsomea maneno ya dada wa Mpwapwa kwenye simu, alinyamaza muda mrefu halafu akasema basi. Damu tumetoa watu wanne, shangazi naye alitaka kutoa wakampima wakamwambia ya kwake haitoshi, akakasirika kweli. Mfuko tangu jana unatoa maji ya kijanikijani tu, wameanza kumpa uji kidogokidogo kwenye mpira, na leo nimemshika mkono akanibana kidole.

Swali moja, hiyo dawa ya tumbo ataimeza maisha?

Nesi wa Zamu:
Hapo kwenye kidole nimefurahi mno. Hapana, siyo ya maisha. Mara nyingi akishatoka kwenye mashine, anakula, na hakuna sababu nyingine, daktari anaisimamisha, lakini siku ya ruhusa muulize wazi inaisha lini kwa sababu wengi wanaondoka na omeprazoli na mwaka mzima baadaye bado wanainunua hawajui kwa nini. Na akifika nyumbani kichwa kikiuma msikimbilie diklofenaki duka la dawa, hiyo ni mojawapo ya zile dawa za maumivu zinazoleta vidonda, rudini hospitali wampe ya kumfaa.