Mazoezi baada ya nimonia kali

Swali: Mama yangu ameruhusiwa kutoka hospitalini baada ya kuugua nimonia kali, lakini hata kuvaa nguo kunamwacha akihema. Je, aanze mazoezi au aendelee kupumzika?

Jibu: Pole kwa kuuguza. Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) akishamruhusu, aanze kidogo kidogo, kwa sababu misuli, hasa ya mapaja, hupungua upesi mgonjwa anapolala muda mrefu. Ainuke kitini na kuketi tena mara chache, akivuta pumzi kwa pua na kuitoa taratibu kupitia midomo iliyobanwa, kana kwamba anapuliza mshumaa bila kuuzima.

Jibu: Naongezea kwamba akishindwa kumaliza sentensi kwa kuhema anapofanya mazoezi, apunguze kasi. Akipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, aache mara moja, naye daktari aarifiwe.