Mdogo wangu anajikunja kisa urefu, nimwekee muvi gani za shule?

Wakuu habari za humu. Mdogo wangu wa kike yuko kidato cha pili, anasoma bweni, saivi yuko likizo. Ni mrefu kuliko wavulana wote darasani kwao na wamempachika jina la Twiga, sasa anatembea kakunja mabega, picha za familia anachuchumaa mbele na watoto, juzi mama kamnunulia viatu vyenye kisigino kidogo tu kavirudisha kwenye boksi bila hata kujaribu. Kuongea hataki ila muvi za shule za Marekani anaangalia mpaka usiku, nikawaza nipitie hukohuko. Zile za msichana kuvuliwa miwani na kupakwa mekap ghafla shule nzima inampenda sizitaki kabisa. Ana miaka 15. Naombeni ushauri.

mzee_wa_muvi: Mkuu hizo unazozikataa mfano wake ni She's All That ya 1999, binti anavuliwa miwani, ananyolewa nyusi, anashuka ngazi na gauni jekundu, eti ndo kawa mrembo, wakati hata mwanzo alikuwa mrembo. Anza na Mean Girls ya 2004. Kuna sehemu mabinti watatu wanaoogopwa na shule nzima wamesimama mbele ya kioo, huyu analalamikia nyonga, huyu vigimbi, kiongozi wao anasema ana mabega ya kiume, wanaendelea hadi vinyweleo na kucha. Afu wanamgeukia mgeni ataje kasoro yake, na yeye kakulia Afrika na wazazi watafiti wa wanyama, hajawahi kujitafuta kasoro, anawaza weee anaishia kusema asubuhi mdomo wake unanuka. Simamisha muvi hapo hapo umuulize mdogo wako anaonaje.

Mama Jay: Tall Girl ya Netflix, 2019. Jodi ana futi 6 na inchi moja na nusu, kila siku anaulizwa huko juu hali ya hewa ikoje. Ilipotoka wengi waliiponda, kwamba msichana mzungu, mzuri, kwao wanazo, analilia nini. Mi nawaelewa ila kwa mtoto wa 15 maumivu hayapimwi hivyo, akimuona mwenzake anakunja mgongo kama yeye atajua hayuko peke yake.

Mwl wa Bweni: Mimi ni mwalimu na nimelea mabinti wengi bweni. Muvi ni nzuri ila hizo shule za Marekani umaarufu wake ni nguo na magari, huku kwetu sare moja na nywele wote wamenyoa, kwa hiyo mtoto anapimwa kwa vingine, nani kaletewa nini siku ya kutembelewa, nani anaongea kiingereza, nani anaitwa jina gani mstarini. Hilo jina ndo la kushughulikia. Muulize taratibu nani alianza kumwita, afu ongea na matroni kabla shule haijafunguliwa.

dada_wa_pwani: Ongeza The DUFF ya 2015. Bianca anaambiwa na jirani yake kwamba kwenye kundi lao yeye ndo yule rafiki mwenye sura mbaya anayewafanya wenzake wapendeze, na toka hapo hata marafiki anawaangalia kwa jicho lingine. Muvi imetoka kwenye kitabu ambacho Kody Keplinger alikiandika akiwa na miaka 17, ndo maana yale maneno yanauma vile. Ina mabusu, itangulie kuiangalia mwenyewe.

Mleta uzi: Asanteni sana. Mwalimu umenigusa, nimemuuliza saivi jikoni akiwa anamenya viazi, kanyamaza weee afu kasema alianza mwalimu wa zamu, alimtoa mbele ya mstari kwamba anawaziba wenzake, watu wakacheka. Nimeumia sana, kumbe tunawalaumu watoto wenzake bure.

Mwl wa Bweni: Pole sana mdogo wangu. Basi matroni peke yake hatoshi, nenda na mzazi mkaonane na mkuu wa shule, na mmuombe huyo mwalimu aite jina lake halisi mstarini, palepale alipoharibu.

Mleta uzi: Mama kakubali, Jumatatu tunaenda. Leo usiku tunaanza na hiyo ya kioo, na yeye kasema anakaa na sisi.