Naomba ushauri: nimuachie AI kazi gani ndani ya REAPER, kwa mtu anayerekodi taarab na kidumbak?

FundiKikwajuni
Asalaam alaykum wanajukwaa.

Nna studio ndogo hapa Kikwajuni, narekodi taarab, kidumbak na kaswida. Kinachonimaliza si kurekodi wala kumiksi, ni ukarani. Kikundi kikishaondoka nabaki na traki zilizoandikwa "Track 1" mpaka huko chini, kila wimbo umepigwa mara tatu nne. Kiongozi wao keshaagiza nakala ya redio, nakala isiyo na sauti ya mwimbaji, na fidla peke yake kwa ajili ya mazoezi. Usiku mzima nabofya tu.

Sasa nimeunganisha ajenti wa AI na REAPER, programu ninayorekodia. Namwandikia "panga traki, weka folda, toa nakala tatu", naye anafanya. Hapo sina neno. Ila nilimwambia anyooshe fidla kwenye wimbo wa makamu (mpangilio wa noti) ya Bayati, yakhe, ikatoka kama kinanda cha kuchezea watoto. Mwenye fidla kasikiliza akanambia, "Huyu si mimi."

Kipi nimuachie na kipi nisimuachie? Na nyimbo za watu hazivuji kwenda nje? Bando nalo linakwenda mbio.

binti_wa_malindi
Bayati ukampa mashine! Makubwa haya 😂

SautiNaWaya
Wa alaykum salaam. Kwanza ufahamu huyo ajenti hasikii. Mara nyingi viunganishi hivi vinapita kwenye itifaki ya MCP, ambayo Anthropic waliitoa Novemba 2024. Kazi yake ni kumpa AI orodha ya amri anazoweza kuziita: fungua traki, badili jina, shusha kiwango, weka plagini (kiprogramu cha kuongezea ndani ya REAPER). Anachokiona ni majina na namba. Ukimwambia "fidla haijakaa sawa" hajui imekosea wapi, anachukua tu plagini ya kunyoosha sauti na kuiwasha. Na plagini nyingi za aina hiyo, usipozigusa, zinajua noti kumi na mbili za piano basi.

Kwa hiyo majina, rangi, folda, alama za mwanzo wa kila ubeti, kutoa nakala, vyote muachie. Kukata, kunyoosha na kusawazisha mapigo, hapana. Hasa kidumbak. Ukimruhusu avute mkwasa (vijiti vya kugonga) na cherewa (manyanga) zikae kwenye gridi (mistari ya mapigo sawasawa ya kompyuta) wakati wapigaji wenyewe wanapandisha mwendo kadiri ngoma inavyokolea, sanduku (besi ya kidumbak) litabaki kule na mkwasa huku. Tena maiki zote zimo chumba kimoja, kila moja imebeba sauti ya jirani yake. Ukisogeza traki moja, pigo lile lile litasikika mara mbili.

Kuhusu kuvuja: kwa njia hii kwa kawaida kinachotoka ni maandishi, sauti inabaki kwenye mashine yako, isipokuwa kiunganishi chenyewe kiwe kinatuma mafaili. Kiangalie kabla hujakiwasha. Ila majina ya traki yanakwenda, kwa hiyo ukiandika jina la bibi harusi kwenye traki, nalo limekwenda. Na usimpe ruhusa ya kufuta kwenye folda la rekodi asilia. Ndani ya REAPER ukikata kitu faili la asili halidhuriki, lakini likifutwa kwenye diski hakuna Ctrl+Z itakayolirudisha.

maalim_kanuni
Niongeze kuhusu hiyo Bayati. Ukianzia re, noti ya pili inakaa kati ya mi bemol (mi iliyoshushwa nusutoni) na mi. Kwenye karatasi ni senti 150 (senti ni kipimo cha umbali kati ya noti) kutoka re, wakati nusutoni ya piano ni senti 100, kwa hiyo plagini lazima iivute juu au chini. Hijazi na Nahawandi zinaweza kuvumilia kinanda. Bayati, Rast na Sika hazivumilii.

Kama unaandika kwa MIDI (noti za kompyuta, si sauti iliyorekodiwa), mpe namba wala usimpe jina la makamu. Pitch bend, amri ya kupinda noti, inakwenda 0 mpaka 16383, katikati ni 8192. Ikiwa masafa yake ni toni moja juu na moja chini, robo toni kushuka ni 6144. Noti hiyo iwe na chaneli yake, la sivyo utazipinda na nyengine zinazolia pamoja nayo. Ableton Live 12, programu nyengine ya muziki iliyotoka 2024, ina mifumo ya kupanga noti nje ya zile kumi na mbili, lakini hata huko usidhani jedwali moja linatosha: mi ya Bayati huwa chini kidogo ya mi ya Rast. Kaa na mpigaji mwenyewe, umuulize.

mpemba_wa_wete
Bando lako linaliwa kwa sababu unamwita kila dakika. REAPER ina ReaScript, njia ya kuiandikia skripti (orodha ya amri inayojiendesha), inakubali lugha ya Lua. Mwambie akuandikie skripti moja ya kubadili majina na kupanga folda, isome, ihifadhi, kisha iendeshe bila intaneti hata mwaka mzima. Mwambie aifunge ndani ya amri za Undo_BeginBlock na Undo_EndBlock, ili Ctrl+Z moja irudishe kila kitu. Mie huku Wete mtandao ukikatika kazi haisimami.

Nakala tatu nazo, tazama Region Render Matrix, jedwali la REAPER la kutoa nakala kadhaa kwa mpigo. Hiyo haihitaji AI kabisa.

kijana_wa_ngambo
Na sie tuliokuwa tukiitwa kuja kupanga hizo traki?

FundiKikwajuni
@kijana_wa_ngambo kwangu hujawahi kuitwa, nilikuwa nabofya mwenyewe 😅 Lakini kama una sikio la kuchagua ipi kati ya zile mara nne ndiyo nzuri, njoo, hilo hajui.

@mpemba_wa_wete ahsante sana, hiyo ya skripti sikuifikiria. Naijaribu kwenye mradi wa kaswida, traki zake chache. @maalim_kanuni fidla nimeirudisha ilivyokuwa.

mpemba_wa_wete
Ijaribu kwenye nakala ya mradi kwanza, si mradi wenyewe. Ikikugomea weka hapa mstari wenye kosa, tutautazama. Wanaotumia FL Studio (programu nyengine ya muziki) msiinakili, ReaScript haiingii huko. FL ina skripti zake za Python kwa vidhibiti vya MIDI, hizo mfungulie uzi wake.