Barua za waliojiua: ukihesabu maneno unajua nini hasa?

Kijana_wa_Moro
Wakuu heshima kwenu. Niko mwaka wa 3 saikolojia, nimeangukiwa na mada ya semina ambayo kila nikimtajia mtu ananiangalia vibaya, lugha ya barua wanazoacha watu waliojiua. Nimesoma habari za Edwin Shneidman wa Marekani, kwamba mwaka 1949 huko Los Angeles bosi wake alimtuma aandike barua mbili za pole kwa wajane ambao waume zao walijiua, akaenda kutafuta faili kwenye ofisi inayochunguza vifo, akakuta barua za namna hiyo zimelala humo, mamia kwa mamia. Sasa wazo langu nitafute za kwetu nihesabu maneno, "mimi" mara ngapi "sisi" mara ngapi, basi nipate jibu kwa nini mtu alifanya vile. Mwalimu kaguna tu. Nakosea wapi?

Mzee_wa_Takwimu
Hapo kwenye "kwa nini" mdogo wangu. Shneidman alifanya jambo moja la akili sana, hakukimbilia kuzisoma. Yeye na mwenzake Farberow walichukua 33 za kweli, wakatafuta watu wazima wanaofanana na wale marehemu kwa umri na maisha, wakawaomba waandike 33 za kuigiza, zikachanganywa ndo zikasomwa bila kujua ipi ni ipi. Unadhani za kweli ndo zitajaa falsafa, maana ya maisha, dunia hadaa... wapi! Hayo yako zaidi kwa waigizaji. Za kweli zina majina ya watu, mahali, maagizo madogo madogo, funguo ziko wapi, nani alipwe. Watafiti wengine, Osgood na Walker, mwaka 1959 wakaona pia zinarudia rudia maneno na zina "siku zote" na "kamwe" nyingi, yani mtu fikra zimembana haoni katikati.

Mwaka 2010 timu ya mtafiti Pestian kule Cincinnati, Marekani, ikazipa kompyuta zile zile 66, kompyuta ikazitenganisha vizuri kuliko wataalamu wa afya ya akili. Sawa, lakini kutenganisha ya kweli na ya kuigiza siyo kujua sababu!! Shneidman mwenyewe baada ya miaka mingi alikuja kusema nyingi ni za kawaida mno, hazikupi kile ulichoendea. Na walio wengi hawaachi hata mstari mmoja.

Bi_Sarufi
Mimi nina ugomvi na hiyo hesabu ya "mimi". Ilipata umaarufu kwa utafiti wa Stirman na Pennebaker wa 2001, walilinganisha washairi 9 waliojiua na 9 ambao hawakujiua, wale wa kwanza wakaonekana kujitaja wenyewe zaidi. Kwa Kiingereza neno hilo limesimama peke yake unalihesabu kama machungwa sokoni. Kwetu limo tumboni mwa kitenzi: nimechoka, sina, nisamehe, mwanangu. Kompyuta ikitafuta "mimi" itarudi mikono mitupu, ukiiambia itafute "ni" itakuletea "ni kweli" na "nipe chumvi" kwenye kapu moja.

"Sisi" ndo balaa kabisa. Mtu kajifungia chumbani peke yake siku ya tatu, muulize vipi, atakujibu "tupo, tunapambana". Utaandika huyu ana watu wengi karibu yake? Na hayo maneno ya "siku zote" na "kamwe", mwenzenu nimeandika "balaa kabisa" hapo juu na niko salama nakunywa chai.

Nesi_Kisumu
Niongeze kidogo. Hizo barua utazitoa wapi? Hapa Kenya kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu hadi Mahakama Kuu iliposema Januari 2025 kwamba kinaenda kinyume na katiba, kwa hivyo familia zimezoea kuficha karatasi kama hizo, polisi wasione, majirani wasione. Na hata ukipata, WHO, Shirika la Afya Duniani, inashauri vyombo vya habari visichapishe yaliyoandikwa humo maana kuna msomaji ambaye yuko pabaya usiku huo huo. Wewe pia usikae nazo peke yako, zikianza kukulemea zungumza na mtu, huku kwetu tunayo 1199 ya Msalaba Mwekundu, haulipi.

Kitu nilichopenda kwa hao wa Cincinnati, barua zaidi ya elfu moja walizokusanya baadaye, waliokaa kuweka alama za hisia, hapa hasira, hapa upendo, hapa hatia, walikuwa watu wa kujitolea, wengi wao wamefiwa hivyo hivyo.

mpwa_wa_Shirima
Mimi ningejitolea. Mjomba wangu aliacha nusu karatasi, imeandikwa nyuma ya risiti ya mbolea. Tumeisoma nyumbani labda mara mia, mama ameitoa mikunjo kwa kuifungua na kuikunja. Tulikuwa tunatafuta sababu. Hakuna. Kuna pikipiki irudishwe kwa nani, kuna deni la elfu kumi na mbili la mangi wa dukani, kuna mbuzi asiuzwe. Miaka yote tunasema hakutuamini ndo maana hakutuambia, kumbe wengine nao wanaandika hivyo? Deni tulienda kulipa, mangi akakataa kupokea.

Kijana_wa_Moro
Pole sana kaka, na asante, sikutegemea. Nimeacha hiyo ya kukusanya. Nitajaribu tu hesabu yenyewe kwenye meseji zangu za kawaida, nione inavyogoma kwa Kiswahili, niandike hilo. Bi Sarufi, kwenye "nisamehe" ile ni- niihesabu pamoja na ya "nimechoka" au mbali?

Bi_Sarufi
Mbali. Moja anatenda, nyingine anatendewa. Na usisahau -angu ya "mwanangu".