Mnagombania namba moja ya orodha ya filamu bora ya Sight and Sound, hakuna anayeuliza kwa nini Afrika imepewa nafasi ya 66 na ya 95

Wakuu, salaam kwa wanaostahili.

Nimevumilia vya kutosha. Kila mara humu jamvini unafunguliwa uzi wa "filamu bora kuliko zote duniani" na kila uzi unaishia palepale. Kundi moja linaitukana Jeanne Dielman, filamu iliyoshika namba moja. Kundi la pili linajibu kwamba asiyeielewa ni mshamba. Kisha anaibuka mtu na The Shawshank Redemption yake na nyota za tovuti ya IMDb, mwingine anamtaja mwongozaji Nolan, matusi, uzi unafungwa. Mods, huu msiuunganishe na ile takataka. Nina hasira na makundi yote mawili, na naanza na watukanaji kwa sababu ndio wenye kelele.

Kwa wasiofuatilia: jarida la Sight and Sound, mali ya taasisi ya filamu ya Uingereza, BFI, huwaomba wahakiki kila baada ya miaka kumi wataje filamu wanazoona ni kubwa kuliko zote. Walianza 1952. Mara ya kwanza ilishinda Bicycle Thieves ya Vittorio De Sica, halafu Citizen Kane ikakalia kiti kuanzia 1962 mpaka 2002, mizunguko mitano mfululizo. 2012 ikang'olewa na Vertigo ya Hitchcock. 2022 ikaja Jeanne Dielman, 23 quai du Commerce, 1080 Bruxelles ya Chantal Akerman, Mbelgiji, mwanamke wa kwanza kushika namba moja tangu kura zianze. Hapo ndipo wanaume wa humu mlipopata homa.

"Eti mama anamenya viazi saa tatu." Ndiyo, anamenya viazi, na filamu ina dakika 201. Mjane, mtoto mmoja wa kiume, flati ndogo Brussels, na mchana anapokea wateja wa kiume chumbani ili apate hela ya matumizi. Siku ya kwanza unaonyeshwa utaratibu wake wote, mpaka taa anavyoizima kila akitoka chumba kimoja kwenda kingine. Siku ya pili viazi vinapitiliza kuiva jikoni. Aliyeitazama kweli anajua viazi vile vinavyoshtua, maana ameshakaa muda mrefu ndani ya ratiba ya yule mama na sasa kuna kitu kimelegea. Anayesema hakuna kinachotokea amesoma ufupisho tu, au amerukaruka kwa kidole. Kuichukia ruksa. Hata mimi kuna sehemu ya katikati inanichosha. Lakini chukia ulichokiona.

Halafu lile la kusema kura zimechakachuliwa. Hata Paul Schrader, mwandishi wa Taxi Driver, alilalamika hadharani kwamba kuruka kutoka nafasi ya 35 mpaka ya kwanza kwa miaka kumi kuna harufu ya siasa. Sawa, mzee ana haki ya kununa. Ila tazameni hesabu. Kila mpiga kura anataja filamu kumi bila kuzipanga, na kila filamu aliyoitaja inapata kura moja. Mwaka 2012 walipiga kura watu 846 na Vertigo ikashinda kwa kura 191. Yaani zaidi ya robo tatu ya wahakiki hawakuitaja kabisa filamu iliyotangazwa kuwa kubwa kuliko zote! 2022 wapiga kura wakawa 1,639, karibu mara mbili, wakiwemo vijana na watu kutoka nchi nyingi zaidi. Ukibadilisha wapiga kura, matokeo yanabadilika. Kuna ajabu gani hapo? Na mnaolilia The Godfather Part II, Raging Bull na Chinatown kutupwa nje ya mia bora, The Godfather yenyewe ipo nafasi ya 12 na Scorsese, mwongozaji wa Raging Bull, bado ana filamu zake mle ndani. Hamjaonewa.

Sasa nageukia nyie wa kundi la pili, mnaoitaja orodha ile kana kwamba imeteremshwa. Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa.

Orodha ile haipimi ukubwa wa filamu. Inapima ni filamu gani wapiga kura waliweza kuziona, nakala ikiwa safi, katika miaka michache kabla ya kupiga kura. Fuatilieni historia yake yenyewe. Citizen Kane ya 1941 haikuwamo kwenye kumi bora za 1952. Katikati ya miaka ya 1950 ikarudishwa kwenye majumba ya sinema na kuuzwa kwa televisheni Marekani, kizazi kizima kikaiona, 1962 ikapanda juu kabisa. Vertigo nayo ilifungiwa kwa miaka mingi, Hitchcock akiwa ameishikilia pamoja na nyingine nne, ikarudi 1983 baada ya yeye kufa. 1992 ya nne, 2002 ya pili, 2012 ya kwanza. Najua kuna mjuaji atakuja kusema 1982 ilishaingia kumi bora ikiwa bado imefungiwa. Kweli, iliingia, ikifungana nafasi ya saba. Ilipopatikana ndipo ilipopanda.

Killer of Sheep ya Charles Burnett ndiyo inayoniuma zaidi kati ya filamu zilizochelewa kuonekana. Jamaa aliitengeneza miaka ya 1970 kama kazi yake ya chuo pale UCLA, familia ya mtu anayefanya kazi machinjioni Watts, Los Angeles, picha nyeusi na nyeupe, na nyimbo ambazo hakuwa na hela ya kulipia haki zake. Kwa sababu ya nyimbo hizo haikuweza kuonyeshwa kibiashara mpaka 2007. Miaka thelathini! 2022 ikashika nafasi ya 43. Ina maana 1982, 1992 na 2002 haikuwa kubwa? Picha ni zilezile, kondoo ni walewale, tofauti ni kwamba kuna mtu hatimaye alilipia nyimbo.

Sisi tuliokulia vibanda umiza tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa hili. Ukituuliza enzi zile filamu bora duniani ni ipi, tungejibu Commando, na tungeapa, kwa sababu mwenye kibanda alikuwa na kanda hiyo na akina Lufufu waliitafsiri mpaka ikawa yetu. BFI nao wana kibanda chao. Kikubwa, kina kiyoyozi, lakini kanda ni zile zilizoletwa.

Haya, sasa tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 1975. Mwezi Mei mwaka ule Jeanne Dielman ilionyeshwa pale kwa mara ya kwanza, pembeni, kwenye kitengo cha Quinzaine des Réalisateurs, si kwenye mashindano makuu. Unajua mashindano makuu alishinda nani? Mwafrika. Mohammed Lakhdar-Hamina wa Algeria alichukua tuzo kuu, Palme d'Or, kwa Chronique des années de braise, filamu ya karibu saa tatu kuhusu miaka iliyotangulia vita vya ukombozi, kuanzia wakulima waliokauka kwa ukame na kunyang'anywa ardhi mpaka uasi wa Novemba 1954. Mpaka leo hakuna filamu nyingine kutoka bara hili iliyopewa tuzo ile. Haya, tafuta kwenye mia bora za 2022. Haimo. Na msiniambie ni ndefu, kwa sababu namba moja yenu ni ndefu zaidi.

Haimo kwa sababu kwa miaka mingi kuipata nakala nzuri kulikuwa shughuli ya wahifadhi wa nyaraka. Ya Akerman ilisafishwa, ikawekwa kwenye diski, ikafundishwa vyuoni, ikaandikiwa vitabu, na hayo yote ni haki yake. Ya Lakhdar-Hamina ilingoja mpaka Mei 2025, miaka 50 kamili, ndipo Cannes wakaonyesha nakala iliyorekebishwa. Mzee alifariki siku ileile ilipoonyeshwa, akiwa na miaka 95. Humu jamvini sikuona hata mtu mmoja aliyeandika rambirambi, mlikuwa mnabishana kama Oppenheimer ni bora kuliko Interstellar.

Zilizoongozwa na Waafrika kwenye mia ile ni mbili. Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty, ya 1973, nafasi ya 66, na La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya 1966, nafasi ya 95. Zote mbili za Senegal. Touki Bouki ilirekebishwa 2008 na mradi wa Martin Scorsese wa sinema za dunia, kazi ikifanyika maabara ya Bologna. 2012 ikaingia ya 93. 2022 ikapanda mpaka 66. Mnaona mwendo wenyewe? Wahusika wake, Mory na Anta, walikuwa juu ya ile pikipiki yenye pembe za ng'ombe tangu 1973, Dakar nzima nyuma yao, wakisaka nauli ya kwenda Paris. Dunia ilihitaji miaka 35 na hela za wageni kuwaona vizuri.

Na La Noire de..., jamani. Filamu ya kama saa moja tu. Diouana anachukuliwa Dakar kwenda Antibes akidhani atalea watoto, akifika anageuzwa mpishi, mfuaji na mfagiaji, anafungiwa ndani, wageni wanamgusa kama kinyago. Dada zetu wanaokwenda Oman na Saudia kufanya kazi za ndani wangeitazama leo bila kuhitaji mhakiki wa kuwafafanulia. Hiyo imefungana nafasi ya 95 na Get Out. Get Out naipenda, msinielewe vibaya. Lakini ukitaka kujua ugumu alio nao Sembène kwenye kura hizi, hesabu filamu zake: La Noire de..., Mandabi, Xala, Ceddo, Moolaadé. Wahakiki wanaompenda ni wachache na kila mmoja ana ya kwake. Kura zinagawanyika, na mtu aliyefanya kazi kubwa miaka arobaini anaonekana kwa filamu iliyo fupi kuliko hizo zote. Hitchcock nazo zinagawanyika, lakini yeye wapiga kura wake ni jeshi.

Kinachochekesha (sicheki) ni kwamba Afrika kama mandhari imefanya vizuri sana. Beau Travail ya Claire Denis iko nafasi ya saba! Wanajeshi wa kikosi cha kigeni cha Ufaransa wanafanya mazoezi kwenye jua la Djibouti, wanapiga pasi nguo, wanaoneana wivu. Filamu nzuri sana, ile dansi ya mwisho hakuna atakayenibishia. Ila Wadjibouti wenyewe mle ndani muda mwingi ni watazamaji, wanakaa pembeni wakiwaangalia wazungu wanavyohangaika. The Battle of Algiers ya Pontecorvo, Mwitalia, iko ya 45. Hiyo naiacha nusu yetu, maana Yacef Saadi, aliyekuwa kamanda wa FLN, chama cha ukombozi cha Algeria, pale Algiers, aliitayarisha na akaigiza ndani yake.

India nao waulizeni. Nchi inayotoa filamu nyingi kuliko karibu zote, imepewa Pather Panchali peke yake. Sholay, ambayo nayo ni ya 1975, hakuna. Pwani yote hii watu walilia na Awaara na Mother India hata Kihindi hawakijui, lakini machozi ya Unguja na Mombasa hayapigi kura.

Kwa hiyo naomba kabla ya 2032 tusisikie tena hoja ya "wahakiki 1,639 hawawezi kukosea". Kura zao zote BFI wameziweka hadharani, kila mtu na kumi zake. Nendeni mkazisome kura za Waafrika waliomo humo badala ya kubishania tano za juu, mtapata orodha ya kutazama mwaka mzima. Mtakutana na Yeelen ya Souleymane Cissé, aliyetutoka Februari 2025, iliyopewa tuzo ya majaji Cannes 1987. Mtakutana na Soleil Ô ya Med Hondo. Halafu mtafute pa kuzitazama kihalali mkiwa Dar au Nairobi. Mimi nimejaribu kulipia huduma ya kimataifa ninayoambiwa inazo nyingi, jibu ni lile la "haipatikani katika eneo lako". Filamu za Afrika, haziruhusiwi Afrika!

Anayejua pa kupata Yeelen, nakala safi yenye maandishi ya Kiingereza au Kifaransa, aweke hapa chini. Ya Lakhdar-Hamina iliyorekebishwa pia, kama kuna tamasha lolote ukanda huu limeileta, ZIFF la Zanzibar au popote. Na wewe wa Shawshank, naona jina lako tayari mtandaoni. Andika, ila kwanza sema Touki Bouki umeiona au hujaiona.