Nihakikije riwaya ya mwandishi chipukizi kwa haki bila kumkatisha tamaa?

MsomajiMakini

Habari zenu wanajukwaa. Mwandishi mmoja chipukizi, anayetoa riwaya yake ya upelelezi mtandaoni sura baada ya sura, ameniomba nimwandikie tathmini. Wazo lake ni zuri na mpelelezi wake anavutia, lakini usimulizi unayumba. Tangu mwanzo tunamfuata mpelelezi peke yake, tukijua anachokijua yeye tu; kisha katika sura ya tatu tunaingizwa ghafla ndani ya mawazo ya mfamasia kwa aya moja, na kuanzia hapo nilimjua muuaji. Pia wahusika wote wanazungumza kwa sauti moja, na makosa ya tahajia ni mengi. Mwandishi mwenyewe ameandika chini ya kila sura kwamba anahitaji maoni ya kweli, ilhali waliotangulia wamemwachia sifa tupu na nyota tano. Nikiyasema ninayoyaona nitadhaniwa nina kijicho, na nikisifu kama wenzangu nitakuwa nimemdanganya. Mtu anayeandika kwa kupenda tu, bila malipo wala mhariri, apimwe kwa kipimo gani?

KalamuTulivu

Ndugu MsomajiMakini, apimwe kwa kile ambacho hadithi yake yenyewe imekusudia kuwa. Aliyeandika kisa chepesi cha mapenzi chenye mwisho wa furaha halaumiwi kwa kutoandika tanzia, na anayeandika riwaya ya upelelezi halaumiwi kwa kutochambua siasa za nchi. Riwaya ya upelelezi, hata hivyo, huwa na ahadi yake kwa msomaji: kwamba ataonyeshwa dalili, lakini atalazimika kuhangaika nazo kabla ya kupata jibu. Ndiyo maana hoja yako kuhusu mfamasia ina uzito kuliko hoja zako nyingine zote, na mimi ningeitumia sehemu kubwa ya tathmini kuieleza hiyo.

Namna ya kuieleza ndiyo yenye kazi. Ukiandika kwamba usimulizi ni dhaifu, umetoa hukumu ambayo mwandishi hawezi kuifanyia chochote isipokuwa kuikubali au kuikasirikia. Mwonyeshe mahali, kisha umwambie kilichokupata wewe ulipofika hapo. Kwa mfano: "Hadi katikati ya sura ya tatu nilikuwa namshuku mpwa wa marehemu. Nilipofika kwenye aya inayoeleza hofu ya mfamasia, shaka zangu zote zilihamia kwake, na sura mbili zilizofuata nilizisoma nikisubiri tu mpelelezi anifikie nilipo." Hapo hakuna tusi wala kubembeleza. Hakuna pia cha kubishania, kwa kuwa hakuna anayeweza kukuambia kwamba hukumshuku uliyemshuku.

Jambo la kuangalia ni kutomwandikia riwaya upya. Huenda suluhisho ni kuifuta aya ile, lakini zipo pia hadithi nzuri za upelelezi ambazo msomaji humjua muuaji tangu mwanzo, na taharuki yake hutokana na kungoja kuona atanaswa vipi. Pengine mwandishi anaelekea huko bila yeye mwenyewe kutambua. Muulize kama alikusudia tumjue mfamasia mapema. Swali la namna hiyo humwachia kalamu mkononi mwake.

Wino_na_Karatasi

Nakubaliana na KalamuTulivu kwa mengi, ila naona amezipita sifa kwa haraka. Sifa nazo ni sehemu ya uhakiki, na zinadai ushahidi uleule unaodaiwa na lawama. Umesema mpelelezi anavutia. Anavutia kwa lipi? Ni ukaidi wake, ucheshi wake, au namna anavyotazama vitu ambavyo wengine hawavioni? Mwandishi asipoambiwa, siku ya kurekebisha mswada anaweza kulifuta hilohilo lililokufanya uendelee kusoma. Hili hutokea zaidi kwa waandishi wachanga, kwa sababu bado hawajui wanachokiweza.

Hata hivyo, usiifanye sifa kuwa mkate wa kufunikia lawama juu na chini. Mtindo huo umezoeleka mno hivi kwamba wasomaji wa maoni huruka moja kwa moja hadi kwenye neno "lakini".

Kuna utaratibu mmoja ambao napendekeza uuangalie. Liz Lerman, mtunzi wa dansi wa Marekani, aliubuni mwaka 1990 kwa ajili ya kazi za sanaa ambazo bado zinatengenezwa. Watazamaji huanza kwa kueleza kilichowagusa. Kisha msanii huuliza maswali yake kuhusu kazi yake. Halafu watazamaji humuuliza msanii maswali yasiyobeba hukumu ndani yake. Na mwishoni maoni hutolewa, baada ya msanii kuridhia kuyasikia. Hatua ya pili ndiyo ninayoipenda. Kabla hujaandika neno lolote, muulize mwandishi anataka kujua nini. Maneno "maoni ya kweli" yanaweza kumaanisha uchambuzi wa msuko, na yanaweza kumaanisha "niambie niendelee", na haya ni maombi mawili tofauti kabisa.

Mhariri_wa_Usiku

Ningependa kuongeza jambo kuhusu mahali tathmini inaposomwa. Katika warsha za ana kwa ana zinazofuata mtindo wa Milford, uliotokana na mikutano ya waandishi wa hadithi za kisayansi iliyoanza Marekani mwaka 1956, kila mmoja huzungumza kwa zamu huku mwandishi akinyamaza hadi wote wamalize, ndipo naye hujibu. Ni mtindo mgumu, lakini waliomo chumbani wote ni waandishi, kila mmoja zamu yake itafika, na maneno huishia humo. Maoni ya mtandaoni hayana sura wala sauti, yanabaki miaka, na yanasomwa na watu ambao bado hawajaifungua hadithi yenyewe. Lililo la haki kulisema chumbani linaweza kuwa ukatili likining'inizwa hadharani.

Kwa hiyo makosa ya tahajia yapeleke kwa ujumbe wa faragha, tena machache yanayojirudia, kama vile kuchanganya "r" na "l" au kutenganisha maneno yanayoandikwa pamoja. Hadharani sentensi moja inatosha. Kitabu kilichochapishwa kimepita kwa mhariri na kwa msoma prufu. Sura hii imetoka kwa mwandishi ikaja kwako moja kwa moja.

MsomajiMakini

Nawashukuru nyote. Nitamwandikia kwanza kumuuliza anachotaka kujua. Linalonisumbua bado ni nyota, kwa sababu mtandao ule haukubali tathmini isiyo na nyota, na nyota tatu zitaonekana kama kofi katikati ya zile tano tano.

KalamuTulivu

Nyota hazimsaidii mwandishi, zinamsaidia msomaji anayetafuta cha kusoma. Ndiyo sababu mitandao mingine imeziacha. Archive of Our Own, tovuti ya hadithi zinazoandikwa na mashabiki iliyofunguliwa mwaka 2009, haina nyota kabisa, ila kitufe cha pongezi na nafasi ya maoni. Kwa kuwa wewe unalazimika, mpe idadi unayoiamini na useme inapima nini. Mimi ningempa nne na kuandika wazi kwamba nimezitoa kwa ajili ya wazo na mhusika mkuu, na kwamba msuko sijaupima kwa kuwa riwaya haijaisha. Usimpe tano kwa sababu wengine wamempa tano; aliyeomba ukweli atakuuliza ile moja imekatwa wapi, na jibu tayari unalo.

Andika pia kwamba umesoma hadi sura ya ngapi na tarehe uliyosoma. Riwaya za mfululizo hurekebishwa kila mara, na aya ya mfamasia ikiondolewa kesho, atakayesoma tathmini yako mwezi ujao ajue ulikuwa unazungumzia toleo gani. Akikuarifu kwamba amebadilisha, rudi uisome sura hiyo na urekebishe ulichoandika.